Doa kwenye kochi? Weka hiyo brashi chini kwanza

Kochi langu la velveti lina kipara na aliyekitia ni mimi mwenyewe. Mtoto wa dada alimwaga chai ya maziwa, nikakimbilia brashi ya kufulia na maji, nikasugua kama nafua jinzi, doa likatoka kweli ila manyoya yakaisha hapo, na pembeni pakabaki duara la maji kubwa kuliko doa lenyewe.

Kwahiyo kikimwagika kitu hausugui, unakandamiza. Chukua kitambaa cheupe kikavu (cha rangi kinaweza kuchuja ukapata doa la pili), kandamiza, geuza upande mkavu, kandamiza tena mpaka kisinyonye kitu. Mchuzi mzito kwangua na kijiko kwanza.

Halafu tafuta lebo chini ya mito. W maana yake maji ruksa, S maji hapana ni dawa ya kavu tu (ile ya kusafishia isiyo na maji), WS vyote sawa, X ni kufyonza vumbi tu basi. Makochi yetu mengi ya fundi wa mtaani hayana lebo, hapo jaribu nyuma kule kunakogusa ukuta, subiri pakauke kabisa ndo uamue.

Kama maji yanaruhusiwa, weka kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye vikombe viwili vya maji, koroga mpaka povu, tumia lile povu tu. Anzia pembeni ya doa uje katikati, ukianza katikati unalitanua. Maziwa na damu ni maji ya baridi, ya moto yanaivisha doa likang'ang'ania. Malizia na kitambaa cha maji matupu ulichokikamua sana, maana sabuni ikibaki inakamata vumbi, kisha washa feni. Usiloweshe mpaka sponji, itanuka, na lile duara ni uchafu ambao maji yameusukuma pembeni wakati yanakauka. Velveti ichane na brashi laini ingali na unyevu.

Mafuta ya sambusa usianze na maji hata kidogo, mwagia unga wa mahindi au poda ya mtoto, acha nusu saa au zaidi, pangusa, rudia, ndo uje na povu.

Bizari sasa! Ukiipaka sabuni ya mche au magadi inageuka nyekundu, usipaniki, manjano ndo zilivyo, tone la siki kwenye maji linairudisha njano. Kilichobaki peleka mto juani masaa machache, jua linafifisha manjano vizuri tu ila chungulia chungulia lisile na rangi ya kitambaa.

Jiki weka mbali kabisa, inakula rangi, na ukiichanganya na siki inatoa gesi ya sumu. Na kama foronya ina zipu usiivue haraka ukaitupa kwenye mashine, ya shangazi yangu ilisinyaa, mpaka leo haifungi na sponji inachungulia.