Jiko moja, umri tofauti: kulisha familia ya Dodoma kwa uwele, mlenda na karanga

Mkoa wa Dodoma una ukame, lakini vyakula vyake vina nguvu. Uwele una madini chuma mengi kuliko sembe iliyokobolewa, kunde na choroko zinajenga mwili, karanga na alizeti zinatoa mafuta. Mengi huharibika ghalani, jikoni na wakati wa kupakua. Ndiyo maana nyumba yenye gunia zima la nafaka inaweza kuwa na mtoto mdumavu.

Tuanze ghalani, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na kuvu kwenye nafaka na karanga zenye unyevu, na moto wa jiko hauiondoi. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Kupima kama mahindi yamekauka, chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko, jaza mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, tikisa dakika 1 hadi 2, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, anika siku moja zaidi ndipo uhifadhi, magunia yakiwa juu ya chaga na mbali na ukuta.

Karanga chagua moja moja kabla ya kukaanga. Tupa zilizosinyaa, zilizotoboka, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Karanga zilizokwisha kusagwa sokoni ziache: huwezi kujua zilikuwaje kabla ya kuingia kwenye mashine.

Mtoto hadi miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Hata joto la Oktoba halimfanyi ahitaji maji. Mama ndiye anywe zaidi na amnyonyeshe mara nyingi. Akifikisha miezi 6, anza na vijiko 2 au 3 vya chakula kila mlo, mara 2 au 3 kwa siku, ukipanda hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 apate nusu kikombe mara 3 au 4. Kuanzia mwaka mmoja, robo tatu hadi kikombe kizima mara 3 au 4, na kitu cha kutafuna katikati. Kunyonya kuendelee hadi miaka 2 au zaidi. Asali ya Manyoni, hata iwe safi namna gani, asilambishwe kabla ya kutimiza mwaka.

Kosa kubwa ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji, anashiba bila kupata lishe. Kijiko kikiinamishwa, uji udondoke kwa matone mazito. Kwa kikombe kimoja cha maji weka vijiko 3 vya chakula vya unga wa uwele au mtama, na ukikaribia kuiva koroga kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini. Kuchanganya mtama, uwele, ulezi, mahindi na mchele hakuongezi sana lishe, kwani zote ni nafaka. Kinachoongeza ni karanga, mikunde, maziwa, yai au dagaa waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa. Usisage karanga pamoja na unga wa mwezi mzima: mafuta yake huchacha.

Uji ukiwa mzito mno kumeza, usiongeze maji. Tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa kibichi siku 2 ukinyunyizia maji, uanike, ufikiche vichipukizi vyote vitoke, ndipo usage. Epua uji, uache upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea, subiri dakika 5 hadi 10 ulainike, kisha uchemshe tena. Kwa njia hiyo unaweza kuweka hata vijiko 5 vya unga na mtoto akameza. Mtama usiufanye kimea cha mtoto. Vichipukizi vyake vina sumu.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 apimwe mzunguko wa mkono kwa mkanda kituo cha afya. Chini ya sentimita 12.5 ni onyo. Chini ya 11.5, au miguu yote miwili imevimba, aonwe na mhudumu siku hiyohiyo. Matone ya vitamini A ya kila miezi 6 yasimpite.

Wasichana waliovunja ungo na wajawazito wanahitaji madini chuma zaidi ya wote, na chai ndiyo inayowanyima. Inywewe saa moja kabla au baada ya mlo. Kwenye mlo wenyewe weka ubuyu, ukwaju au limau. Uchachu huo unasaidia mwili kufyonza madini ya kunde na mchicha. Mjamzito ameze kidonge cha madini chuma na foliki asidi kila siku. Choo kikiwa cheusi asishtuke, ni kidonge. Kula udongo aache kabisa, unaweza kuleta minyoo na kuzuia madini. Na nyama ikiwa kidogo, isiishie kwa baba.

Mboga za masika ziandae kwa kiangazi. Majani ya kunde yachovye kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, uyatandaze kivulini chini ya chandarua hadi yavunjike kwa vidole. Jua kali huharibu vitamini A. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, na ukipika weka karanga au mafuta ya alizeti, kwani vitamini A huhitaji mafuta.

Kwa wazee, jambo la kwanza ni magadi. Yana sodiamu kama chumvi, hupandisha presha na huharibu baadhi ya vitamini za mboga. Bamia huteleza zenyewe bila magadi. Mlenda wa mzee upikwe bila magadi, na chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ya kwenye supu na dagaa. Asiye na meno apikiwe kunde hadi zipondeke, au apewe maziwa mgando. Mwenye kisukari hata ugali wa uwele aupime: donge la ukubwa wa ngumi yake, na mboga ijaze nusu ya sahani. Maji apewe bila kusubiri aombe, maana kiu hupungua umri ukienda.