Jinsi ya kujipangia marejeo ya HIPAA bila kutegemea PDF za kufowadiwa

Kama unafanya bili, unachapa rekodi au unapokea simu kwa niaba ya kliniki ya Marekani basi HIPAA, ile sheria ya Marekani ya kulinda taarifa za afya za wagonjwa, inakuhusu, hata kama wewe sio daktari wala nesi. Ukitafuta mtandaoni utakutana na watu kibao wanauza kozi na vyeti. Kabla hujatoa hela jua kwamba HHS, ile wizara ya afya ya Marekani, haitambui cheti chochote cha kusema mtu "amepasi" HIPAA. Kozi nzuri zipo, sikatai, ila marejeo yenyewe ni ya bure na mimi huwa nayapanga hivi.

Hatua ya 1: Anza na kanuni zenyewe

Fungua eCFR, tovuti ya serikali yenye kanuni zote za shirikisho, nenda Title 45, chukua Part 160 na Part 164, weka bukumaki. HIPAA ni sheria ya 1996 lakini ukihangaika na ile sheria ya bunge utachoka bure, mambo ya kila siku yako kwenye hizi kanuni. Soma 160.103 kwanza, ndio yenye maana za maneno na hapo utajua wewe ni nani. Kama wewe sio mwajiriwa wa kliniki bali unaifanyia kazi ukiwa nje na unashika taarifa za wagonjwa wake, unaitwa business associate, na tangu kanuni za 2013 unabanwa moja kwa moja, sio kliniki peke yake.

Ndani ya Part 164, Subpart C ni usalama wa taarifa za kielektroniki, D ni taarifa zikivuja, E ni faragha.

Hatua ya 2: Tengeneza karatasi moja ya namba

Hii ndio hatua yenye faida kuliko zote, usiiruke. Andika maswali yanayokufikia kazini, pembeni weka namba ya kifungu. Yangu ina haya:

- Mgonjwa anaomba rekodi zake: 164.524. Siku 30, unaweza kuongeza 30 nyingine mara moja tu na lazima umwandikie sababu.
- Nitoe taarifa kiasi gani: 164.502(b), kile kinachohitajika tu. Ila hii haimhusu daktari anayeomba taarifa ili amtibu mgonjwa, na hapa watu wanakosea sana, wanamnyima daktari faili eti wanalinda faragha.
- Mkataba wa BAA (business associate agreement, kati ya kliniki na business associate): 164.504(e).
- Kuondoa utambulisho: 164.514(b). Kuna orodha ya vitu 18, na kufuta jina peke yake haitoshi kabisa, maana tarehe zote zinazomhusu mtu zinatoka unabaki na mwaka tu, umri wa zaidi ya 89 nao unafichwa, namba za simu, picha za uso, yani soma yote.
- Taarifa zimevuja: 164.400 hadi 164.414. Wagonjwa wajulishwe bila kuchelewa, mwisho siku 60 tangu kugundua. Wakifika 500 HHS nayo inaambiwa ndani ya muda huo huo, wakiwa pungufu inasubiri hadi siku 60 baada ya mwaka kuisha. Business associate yeye anaiambia kliniki, alafu angalia BAA yako, mara nyingi inakupa siku pungufu kuliko hizo.
- Kutunza nyaraka: 164.316 na 164.530, miaka 6. Hizo ni sera, mikataba na kumbukumbu za HIPAA, sio faili la mgonjwa, faili linafuata sheria za jimbo.

Hatua ya 3: Ongeza maelezo ya OCR

OCR ni ofisi ndani ya HHS inayosimamia na kupiga faini. Kwenye tovuti ya HHS wana maswali na majibu, mfano wa BAA, na mwongozo wa kuondoa utambulisho wa 2012. Sio sheria, lakini anayekukagua ndio anakuonyesha anavyoisoma.

Hatua ya 4: Upande wa kompyuta

Pakua NIST SP 800-66 Revision 2 ya Februari 2024, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, inachukua Kanuni ya Usalama (ile Subpart C) kipengele kwa kipengele. Alafu kuna SRA Tool, programu ya bure ya kutathmini hatari kwa kliniki ndogo na za kati, majibu yako hayatumwi serikalini. Usijaze kwa kukisia ili umalize tu.

Hatua ya 5: Soma kesi

OCR inachapisha makubaliano ya faini, na ina ukurasa wa uvujaji uliogusa watu 500 au zaidi. Soma kadhaa utaona kosa lile lile linajirudia: hakuna tathmini ya hatari iliyofanywa vizuri.

Hatua ya 6: Sheria za jimbo

HIPAA ni kiwango cha chini, jimbo likibana zaidi unafuata jimbo. California wana CMIA, sheria yao ya usiri wa taarifa za matibabu, Texas nao wana yao. Rekodi za matibabu ya uraibu wa dawa na pombe zina kanuni yake, 42 CFR Part 2.

Hatua ya 7: Weka tarehe kwenye kila kitu

Mfano, 2024 ilitoka kanuni ya faragha ya afya ya uzazi, Juni 2025 mahakama huko Texas ikaifuta karibu yote, na miongozo ya 2024 bado inazunguka ikikuambia ujaze fomu zake. Maandishi ya kanuni yanaweza kubaki vile vile hata mahakama ikishafuta, kwa hiyo ukitoka eCFR pitia na ukurasa wa OCR. Na yale mabadiliko ya Kanuni ya Usalama yaliyochapishwa Januari 2025 yalitoka kama pendekezo, sasa mtu akikuuzia "HIPAA mpya" kwa kutumia hayo, muulize kanuni ya mwisho imechapishwa lini kwenye Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya Marekani.

Mimi hupitia bukumaki zote kila robo mwaka, na BAA za klaenti wangu nazipitia siku hiyo hiyo.