Kuanza Skylanders kwa vifaa vya mtumba, hatua kwa hatua

Ukipekua lundo la midoli ya mtumba, au boksi ambalo shangazi wa watoto kalituma kutoka Uingereza, si ajabu ukakuta kijoka cha zambarau, samaki aliyeshika bunduki na jitu la mti, wote wamesimama juu ya vitako vya duara vya plastiki. Watoto huichezea kama midoli mingine yoyote. Kumbe ndani ya kila kitako mna chipu, na midoli hiyo iliundwa iingie kwenye gemu. Ukimweka kijoka juu ya kisahani kilichounganishwa na mashine ya gemu, kisahani kinawaka, na yule uliyekuwa umemshika mkononi anatokea kwenye TV.

Gemu yenyewe ni Skylanders. Ya kwanza, Spyro's Adventure, ilitoka Oktoba 2011, ikiwa imetengenezwa na studio ya Toys for Bob ya California na kuuzwa na Activision. Kisha kila mwaka ikaja nyingine: Giants 2012, Swap Force 2013, Trap Team 2014, SuperChargers 2015, Imaginators 2016. Baada ya hapo mfululizo ukasimama. Kwa hiyo leo karibu kila kitu utakachonunua kimeshapita mikono ya watu, na tatizo kubwa la mtumba huu ni kwamba vitu vimetawanyika: midoli iko huku, CD kule, kisahani hakijulikani kilipo. Mwongozo huu ni wa kuviunganisha bila kutupa hela.

Hatua ya 1: Anza na mashine, midoli baadaye

Wengi huanza na midoli kwa sababu ndiyo inayopendeza machoni. Ndiyo pia njia ya haraka ya kujaza kabati vitu visivyotumika. Mdoli haubagui mashine: Spyro yule yule anacheza kwenye Wii, PS3 na Xbox 360, awe kanunuliwa Nairobi au Chicago. Vinavyobagua ni CD na kisahani.

Xbox 360 inataka kisahani kilichotengenezwa kwa ajili yake. Cha Wii au PS3 haikitambui hata ukikichomeka mara ngapi. Wii nayo ina ubaguzi wake: mashine ya Ulaya haisomi CD ya Marekani, wala ya Marekani haisomi ya Ulaya. PS3 haijali CD ya gemu hii imetoka bara gani, na kwa sababu hiyo moja mimi hupendekeza PS3 kwa mtu anayekusanya vitu kutoka huku na kule. Kama Wii tayari unayo, baki nayo, ila soma maandishi ya CD kabla ya kulipa.

Jambo la umeme lisikupite. Wii iliyonunuliwa Marekani huja na adapta ya volti 120, na adapta ya Xbox 360 ya huko ni hivyo hivyo. Ukiichomeka kwenye soketi zetu za 230 au 240, utasikia mlio mdogo na harufu ya kuungua, halafu kimya. Pindua adapta usome pameandikwa nini kwenye INPUT. Kama ni 120 tu, tafuta adapta ya Wii ya Ulaya, kwa sababu umeme unaoingia kwenye mashine yenyewe ni ule ule wa volti 12, au tumia transfoma ya kushusha umeme. Kubadilisha plagi peke yake hakusaidii kitu.

Hatua ya 2: Pata kisahani kilicho kamili

Jina lake rasmi ni Portal of Power, lakini nyumbani kwetu ni kisahani tu. Hiki ndicho kinachopotea zaidi, na bila chenyewe huna gemu.

Kisahani cha Spyro's Adventure cha Wii na PS3 hakina waya. Kinatumia betri na kinawasiliana na mashine kupitia kidude kidogo cha USB. Muuzaji akikuletea kisahani peke yake na kukuambia "hiki cha wayalesi, bro," muulize kidude kiko wapi. Kama hakipo, usinunue hata akipunguza bei. Cha Xbox 360 kina waya, kwa hiyo hapo angalia waya haujakatika shingoni, pale unapoingia kwenye plastiki.

Kisahani cha Trap Team ni cha pekee. Kina tundu la kuchomeka fuwele ndogo zinazoitwa mitego, na kina spika ndani yake. Ukimkamata adui kwenye gemu, sauti yake inaanza kwenye TV, inahama, kisha unaisikia ikilalamika kutoka kwenye kisahani miguuni pako. Watoto wadogo wanaruka. Hata mtu mzima anayejua ni spika tu hutazama chini.

Njia salama kuliko zote ni kununua CD na kisahani vilivyotoka boksi moja. Ukichanganya vya miaka tofauti, jaribu kwanza mbele ya muuzaji.

Hatua ya 3: Chagua gemu kwa kuangalia rangi ya vitako

Kanuni ni hii: gemu mpya inapokea midoli ya zamani, lakini gemu ya zamani kwa kawaida haipokei midoli ya gemu zilizokuja baada yake. Ukiwa na CD ya 2011 na mdoli wa 2014, kisahani kitawaka na TV itakuambia haimjui.

Huhitaji kukariri majina. Tazama kitako. Kijani ni Spyro's Adventure, rangi ya chungwa ni Giants, bluu ni Swap Force, chekundu ni Trap Team. Panga midoli uliyonayo mezani kwa rangi, uone rangi ipi mpya kuliko zote, halafu tafuta CD ya mwaka huo au wa baadaye.

Kama bado hujapata midoli yoyote, ushauri wangu ni Giants. Inapokea midoli yote ya kijani, ambayo ni mingi sana mitumbani, na boksi lake la kuanzia lilikuwa na wahusika watatu: Tree Rex, Jet-Vac na Cynder. Swap Force inapendeza kwa sababu mdoli unagawanyika kiunoni kwa sumaku. Kuna 16 wa aina hiyo, na ukichanganya vichwa na miguu unapata wahusika 256. Lakini kuna sehemu zisizofunguka bila miguu ya aina fulani, na hapo mtoto anaanza kudai. Trap Team inadai zaidi: milango yake ya siri inataka wahusika maalumu wa toleo hilo, siyo yeyote uliyenaye. Hawa jamaa walijua kuuza. Kufikia mwanzoni mwa 2013 Activision ilishatangaza kwamba Skylanders imevuka dola bilioni 1 za mauzo.

Hatua ya 4: Nunua midoli kwa asili, usinunue kwa sura

Katika gemu tatu za kwanza kila mhusika ana asili moja kati ya nane: Maji, Moto, Ardhi, Hewa, Uhai, Wafu, Uchawi na Teknolojia. Hadithi nzima unaweza kuimaliza na wale wa boksi la kuanzia. Asili zinahusika kwenye milango ya pembeni, ambako hazina na kofia zimefichwa. Mlango wa Moto unamtaka mtu wa Moto, basi.

Kwa hiyo lengo lako ni wanane, mmoja wa kila asili, siyo wote 32 wa gemu ya kwanza. Boksi la Spyro's Adventure linakupa watatu: Spyro wa Uchawi, Gill Grunt wa Maji na Trigger Happy wa Teknolojia. Waliobaki unaweza kuwajaza hivi: Eruptor kwa Moto, Stealth Elf kwa Uhai, Terrafin kwa Ardhi, Chop Chop kwa Wafu, na Whirlwind kwa Hewa. Ukikuta Bash badala ya Terrafin, naye ni Ardhi, chukua. Mweleze mtoto hesabu hii kabla hamjaenda kununua, kwa sababu bila hivyo atakuletea wanne wa Maji.

Ukiwa sokoni, pindua mdoli. Bawa lililovunjika au rangi iliyochubuka haina athari yoyote kwenye gemu. Kitako ndicho cha kukagua. Kama kimebanduliwa, kimepasuka au kimegundishwa upya kwa gundi, chipu au antena yake huenda imeondoka. Mdoli wa Swap Force una chipu mbili, moja juu na moja chini, kwa hiyo nusu peke yake haitoshi.

Hatua ya 5: Kuwasha mara ya kwanza

Weka kisahani juu ya mkeka, zulia au meza ya mbao. Meza ya chuma inaharibu usomaji. Ndani ya kisahani kuna waya uliozungushwa unaotoa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56. Kitako kikikaribia, antena yake inadaka nguvu kidogo kutoka kwenye mawimbi hayo, na nguvu hiyo ndiyo inayoiamsha chipu. Chuma kikiwa chini yake, mawimbi yanadhoofika. Ndiyo maana pia midoli haina betri, hata yale majitu ya Giants yanayowaka taa pindi yanapotua kwenye kisahani.

Chomeka kisahani, weka CD, subiri gemu ikuombe mhusika, kisha mweke mmoja tu. Usishangae mdoli wa mtumba ukija na historia. Chipu inahifadhi leveli, dhahabu, uwezo ulionunuliwa, kofia na jina la utani alilopewa na mwenye mali wa kwanza. Unaweza kumweka Eruptor ukakuta yuko leveli 10, kavaa kofia, na anaitwa jina ambalo mtoto fulani wa Ulaya alimpa enzi hizo. Baadhi ya watoto wanapenda kumrithi hivyo hivyo. Mimi huwaambia wamfute waanze naye upya, maana utamu wa gemu hii ni kumwona wako akikua. Fungua ukurasa wa mhusika huyo kwenye menyu, tafuta Reset, thibitisha. Leveli 10 ndiyo ukomo wa gemu ya kwanza, Giants ikaupandisha hadi 15 na Swap Force hadi 20.

Mfundishe mtoto asimwinue mdoli katikati ya kusevu. Na kabla ya kununua uwezo kwa Persephone, yule mdada mwenye mabawa, ajue kwamba mwishoni ataulizwa achague njia moja kati ya mbili. Katika gemu ya kwanza chaguo hilo halibadiliki mpaka umfute mhusika mzima.

Maendeleo ya hadithi yenyewe yanabaki kwenye mashine. Mtoto akienda kwa binamu yake mwenye Xbox 360, abebe mdoli mfukoni: sura waliyofika nyumbani haitamfuata, ila mhusika wake atafika na dhahabu yake yote.

Hatua ya 6: Wawili kwa wakati mmoja

Chomeka pedi ya pili na umweke mdoli wa pili juu ya kisahani, mchezaji wa pili anaingia hapo hapo. Wanatumia skrini moja isiyogawanywa, kwa hiyo mmoja hawezi kumkimbia mwenzake. Mhusika akiishiwa nguvu anapumzika mpaka sura iishe, na unaweka mwingine. Hapa ndipo midoli mitatu kwa nyumba yenye watoto wawili inakuwa michache: wakiisha wote, sura inaanza upya. Kabla ya kuanza, mpe kila mtoto wake na ukubaliane nao nani ni wa akiba. Anza na kiwango rahisi. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kufuata mkubwa wake, mradi mkubwa awe na subira kwenye mafumbo ya kusukuma mawe.

Hatua ya 7: Usichanganye ukoo

Mitumbani utakuta midoli mingine inayofanana na hii lakini haielewani nayo. Disney Infinity ilianza Agosti 2013 na Disney wakaifunga 2016. Midoli yake ni mizuri mno, tatizo ni kwamba mhusika wa hadithi moja haruhusiwi kuingia hadithi nyingine: Sulley hawezi kucheza kwenye kisa cha Mr. Incredible, labda muende Toy Box, uwanja wa kujijengea, ambako wote wanakutana. LEGO Dimensions ya 2015 inaleta Batman, Gandalf na Wyldstyle kwenye boksi la kuanzia, na humo chipu imo kwenye kitako cha duara, siyo kwenye mwanasesere wa LEGO. Ukinunua mwanasesere asiye na kitako chake, umenunua LEGO ya kawaida.

Mwenye Nintendo Switch hahitaji kisahani kabisa. Midoli ya amiibo, iliyoanza kuuzwa Novemba 2014, inagusishwa kwenye kijiti cha Joy-Con ya kulia, yaani pedi ndogo ya Switch, na kwenye Switch Lite ni kijiti cha kulia vile vile. Ila amiibo kwa gemu nyingi ni nyongeza tu, hukupa nguo au silaha. Ikiwa unataka mdoli unaokua kama wa Skylanders, mpeleke kwenye Super Smash Bros. Ultimate: huko anajifunza kupigana kwa kucheza na wewe, mpaka leveli 50.