Simu imekufa? Kuirudishia programu bila kuiua mara ya pili

Kwanza hakikisha ugonjwa ni wa programu. Ichaji nusu saa kwa chaja unayoiamini, kisha shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 20. Ikibaki kimya, ichomeke kwenye kompyuta. Kompyuta ikilia, hata kama kifaa kinatokea kwenye orodha sekunde mbili kisha kinapotea, chipu ingali hai. Iliyoingia maji, au inayopata moto kabla hujabonyeza chochote, mpelekee fundi wa Birere, hapa Goma, mwenye multimeta (kifaa cha kupimia umeme), kuflashi, yaani kuiandikia programu upya, hakutaiponya.

Hapa Goma, fanya kazi hii kwa laptop yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, simu inabaki na nusu mfumo. Betri ya simu nayo iwe asilimia 50 kwenda juu, na kebo isiyochezacheza.

Faili baya la programu ya simu (firmware) ndilo linaloua simu nyingi. Tecno, Infinix au itel mbili zinaweza kuuzwa kwa majina yanayokaribiana huku bodi zikiwa mbalimbali. Tafuta msimbo wa modeli ulioandikwa kwa herufi ndogo mgongoni au chini ya betri, uulinganishe na faili herufi kwa herufi. Mengine yanazidi GB 3, basi hesabu mega zako kabla ya kupakua.

Kwa chipu ya MediaTek, weka draiva ya VCOM (inayoiwezesha kompyuta kuitambua simu), fungua SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuflashia, pakia faili la scatter (ramani ya mgawanyo wa kumbukumbu), chagua "Download Only". Usijaribu "Format All + Download": inafuta NVRAM, sehemu ya kumbukumbu mnamokaa IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na vipimo vya redio. Simu itawaka vizuri, lakini haitashika mtandao, na hapo ndipo kazi ngumu inaanza. Kama nembo bado inaonekana, ondoa alama ya tiki kwenye preloader (programu ya kwanza kuwaka). Ukiiondoa na kwenye userdata (data ya mtumiaji), picha zinaweza kupona.

Bonyeza "Download", shikilia kitufe cha sauti simu ikiwa imezimwa, chomeka, kisha usiiguse hadi alama ya kijani itokee. Kuwaka mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika 10. Usiizime kwa papara.

Ukiona "SEND_DA_FAIL", badilisha kebo au tundu la USB, au weka draiva upya. Ujumbe wa "PMT changed" maana yake mgawanyo wa kumbukumbu haufanani na wa faili. Wengi hapo hukimbilia kuformati. Wewe rudia kukagua modeli.

Samsung hutumia Odin, programu nyingine ya kompyuta ya kuflashia, inayopakiwa mafaili manne: BL (kiwashio), AP (mfumo), CP (modemu), na HOME_CSC (mipangilio ya nchi) ukitaka kubakiza data, kwani CSC ya kawaida hufuta vyote. Tazama herufi ya tano kutoka mwisho wa namba ya toleo: katika A125FXXU3BVK1 ni 3. Faili lenye namba ndogo kuliko ya simu litakataliwa.

Data ikifutika, simu itadai akaunti ya Google ya zamani, kwa hiyo mwulize mwenye simu nenosiri kabla hujaanza. Ikiwaka, piga *#06# na ulinganishe IMEI na ile ya kwenye boksi.