Kabla Hujampeleka Mnyama Wako Kituoni

Kuna wanaodhani kituo cha wanyama ni mahali pa kutupia mbwa aliyekuchosha. Huku kwetu Kenya, KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, lipo tangu 1910, na kazi ya vituo vya namna hiyo imezidi hapo: kuchanja, kutibu, kufunga kizazi, kuwatafutia makao wasio na wenyewe. Msaada upo. Ila ujiandae.

Piga simu kwanza, maana upasuaji una siku zake na nafasi hujaa. Kadi ya chanjo ibebe. Kama huna, sema huna, usibuni tarehe.

Mnyama atakayepasuliwa asile usiku wa kuamkia siku hiyo. Tumbo likiwa na chakula anaweza kutapika akiwa amelazwa kwa dawa, na matapishi yakaingia mapafuni. Atalia mlangoni. Mwache alie. Vitoto havishindi njaa muda huo wote, kwa hivyo vyenu viulizieni.

Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo mpakate, usimweke chini. Virusi vya parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi na miezi. Mbwa mkubwa mzoeshe kamba wiki nzima kabla, si asubuhi ile ile.

Sasa chombo cha kubebea paka. Hapa nisikilize.

Paka wangu alikuwa na miezi saba, ameanza kulia usiku, na madume ya mtaa mzima yamehamia ukutani kwetu Likoni. Nikapata nafasi ya kumfunga kizazi kituoni, ng'ambo ya feri, kisiwani Mombasa. Nikatafuta katoni ya mafuta ya kupikia, nikaitoboa matundu, nikaizungusha seloteepu mpaka nikajiona fundi. Jirani yangu auzaye kuku akaniambia, "Mwanangu, chukua tenga langu." Nikaona haya. Nipande feri na tenga la kuku, nimevaa vile nilivyovaa?

Paka akiogopa hukojoa. Hilo sikuliwaza. Feri inavuka, katoni nimeikumbatia, nashukuru kwamba ametulia, kumbe kitako kinalowa. Tukafika ng'ambo, honi ikapigwa, kitako kikaachia. Nilichoona ni mkia tu ukiingia chini ya lori la saruji, kisha miguu ya watu, miguu, miguu.

Siku kumi na moja nilivuka asubuhi na jioni, dagaa mfukoni, namwita paka kwa jina mbele za watu wenye akili zao. Mwisho wauza samaki ndio walionionyesha: yuko chini ya kibanda, amekonda, sikio limechanika. Nikalia pale pale. Wiki kama nane baadaye akazaa wanne. Mimi niliyetoka nyumbani kwenda kuzuia paka wasizaliwe, nikawa na paka watano.

Kituoni nilipiga simu nikitegemea kusutwa. Hawakunisuta. Wakaniambia ningoje watoto waache kunyonya, kisha wakawapokea wawili kuwatafutia watu, na mama nikampeleka akafungwa kizazi. Ndani ya tenga.

Basi azima tenga, au kikapu chenye kifuniko. Funga kifuniko kwa kamba, tandika tambara chini, funika kwa leso kuukuu apate giza. Paka wawili wasikae tenga moja hata kama nyumbani hulala pamoja, hofu huwagombanisha.

Akitoka kupasuliwa, mweke ndani, usimwogeshe, asilambe mshono. Siku ya pili akikataa kula, rudi naye. Akikung'ata au kukukwaruza katika purukushani hizi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usiseme ni paka wangu namjua.

Kama unahama na huwezi kuhama naye, waambie mapema, wiki kadhaa kabla, wapate kukushauri. Usiende kumfunga langoni usiku ukakimbia. Na ukitafuta mnyama wa kulea, anayekuomba nauli kwa simu ya "kukuletea", mwambie utakwenda kumwona mnyama mwenyewe. Na panadol paka usimpe, hata nusu, hata akilia vipi: kwake ni sumu.