Kufunga alama ya mshale kwenye uzi wa upinde

Kwanza pinda upinde, uvishe uzi kabisa, usipime ukiwa umelegea utajidanganya. Chukua skwea ya fundi seremala, iegemeze kwenye uzi na mkono wake ukae pale mshale unapolala kwenye upinde, halafu weka kidoti cha peni kwenye uzi, milimita 12 hivi juu ya mkono huo, ndo pa kuanzia.

Uzi wa kufungia mi nanunua kwa wanaoshona nyavu pale Deep Sea, Tanga, ule mwembamba, naupaka nta. Zungusha kwenye uzi wa upinde pale penye kidoti, funga fundo moja mbele, lingine nyuma, mbele, nyuma, mpaka yafike kama kumi, kaza kwa meno ikibidi (mama watoto ananisema kila siku). Mafundo hayo ndo alama, mkia wa mshale unakaa chini yake. Usitie gundi bado!

Sasa piga mshale usio na manyoya, hatua kumi tu, kwenye gunia la makumbi. Mkia ukiinuka juu, alama iko juu mno, izungushe ishuke kidogokidogo, mkia ukiinama ipandishe. Ukinyooka ndo unadondosha supagluu, tone moja.