Geuza lenzi nyuma mbele upige makro na lenzi uliyonayo tayari

Kama una kamera ya kubadilisha lenzi na una hata ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo, au 50mm ya zamani imelala tu kabatini, basi makro (kupiga vitu vidogo kwa karibu sana) unayo tayari, hujaigeuza tu. Chomoa lenzi, igeuze, yaani ule uso wa mbele ndo uangalie bodi (kamera yenyewe) na ule mkia wake unaoingia kwenye kamera ndo umwangalie mdudu, na hapo utaona vitu ambavyo macho yako hayajawahi kukuonyesha. Chembe ya chumvi ya mezani ina kona kali kama kijisanduku cha kioo, bawa la kipepeo limepangwa magamba kama vigae vya paa, na uzi wa shati unaonekana kama kamba ya meli. Mara ya kwanza nilipoona yale magamba nilikaa na bawa moja la kipepeo aliyekufa jioni nzima.

Usinunue kitu kwanza. Kaa ndani, zima feni, maana sensa (kile kibati cha ndani kinachopokea picha) itakuwa wazi na vumbi halina adabu, weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata yaani muda wa kupokea mwanga 1/125 ya sekunde hivi, ISO yaani wepesi wa kuhisi mwanga 800, fungua taa ya mezani karibu kabisa na unachotaka kupiga. Sasa shikilia lenzi kinyume kwenye mdomo wa kamera, zungushia vidole mwanga usipenye pembeni, halafu sogea taratibu mpaka picha itokee. Itatokea ukiwa karibu sana, lenzi pana kama 18 au 24 ni kama sentimita 5 kutoka kwenye mkia, 50mm inakupa nafasi zaidi kidogo. Kamera zisizo na kioo nyingi zinagoma kupiga zikiona hakuna lenzi, ingia kwenye menyu utafute sehemu ya kuruhusu kupiga bila lenzi. Na ukiona giza totoro usidhani umekosea, soma ile sehemu ya apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) hapo chini.

Kwa nini inafanya kazi? Lenzi kazi yake ya kila siku ni kuchukua kitu kikubwa kilicho mbali na kukishusha kiwe kidogo kwenye sensa iliyo karibu nyuma yake. Ukigeuza, mwanga unapita njia ileile kwa kurudi, kitu kidogo kilicho karibu kinatoka kikubwa upande wa pili. Ndo maana hesabu inakuwa kinyume na ulivyozoea: namba ndogo ndo inakuza zaidi. 50mm ikigeuzwa inakaribia ukubwa halisi wa kitu (yaani kwenye sensa kinatokea na ukubwa wake wenyewe) au chini kidogo, 28mm inafika mara 2 na ushee, na ile 18-55 ukiiweka kwenye 18 inaenda mara 3 na zaidi. Zumu kwa hiyo ni nzuri sana kwa majaribio, unaanza na 55 upate kitu, kisha unarudi polepole kuelekea 18.

Usikisie ukuzaji, pima. Piga picha ya rula ya shule, hesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Sensa ya APS-C (ile ndogo ya kamera nyingi za kawaida) ina upana wa kama milimita 23, fulfremu (ile kubwa) 36. Ukiona milimita 12 za rula kwenye APS-C basi uko karibu mara 2. Andika kwenye karatasi kila lenzi na namba yake, itakuokoa muda mwingi baadaye.

Ukishapenda, tafuta ringi ya kugeuzia. Ni pete ya chuma, upande mmoja una thredi za kuingia mbele ya lenzi kama filta, upande mwingine unafunga kwenye bodi. Angalia mbele ya lenzi yako ile alama ya duara lenye mstari, itakuwa 49, 52, 58 au namba nyingine, hiyo ndo saizi ya ringi. Nikon wana yao inaitwa BR-2A, ni ya 52. Kuna na ya kampuni ya Novoflex kwa lenzi za Canon EF (EF ni aina ya mdomo wa kufungia lenzi) ambayo inapeleka mawasiliano ya umeme mpaka kwenye lenzi, kwa hiyo apecha unaiendesha kwenye kamera kama kawaida.

Sasa apecha, hapa ndo watu wengi wanakwama. Lenzi ikigeuzwa haiongei tena na kamera. Lenzi ya zamani yenye ringi ya apecha ndo bora kuliko zote, unazungusha unachotaka basi, na mimi nikiambiwa nichague moja tu ya kazi hii nachukua 28mm ya zamani ya manjuali, ya kuzungusha kwa mkono. Nikon nyingi zisizo na ringi zinajifunga zenyewe hadi mwisho zikitolewa kwenye bodi, ndo hilo giza, ila nyuma kuna kijileva kidogo cha chuma, ukikisukuma utaona tundu linafunguka, basi kunja kipande kidogo cha karatasi kishikilie pale unapotaka. Canon EF ni tofauti, weka lenzi kawaida, chagua f/8 (namba ya apecha, ikiwa kubwa tundu ni dogo), bonyeza na ushikilie kile kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi, na ukiwa bado umekishikilia chomoa lenzi. Tundu linabaki kwenye f/8.

Kwa nini f/8? Kwa sababu kwenye ukubwa halisi na f/8 sehemu iliyo kwenye fokasi haifiki hata milimita 1, ukikuza mara 2 inabaki kama robo milimita. Lakini usikimbilie f/22 ukidhani umepona, ukuzaji unaila apecha yako, f/8 kwenye ukubwa halisi inafanya kazi kama f/16, kwa hiyo f/22 inakupa picha laini kama imepakwa mafuta. Baki kati ya f/5.6 na f/11.

Ringi ya fokasi isahau, karibu haibadilishi kitu. Fokasi ni wewe mwenyewe kusogea mbele na nyuma. Njia ninayoiamini ni hii: mkono wa kushoto shika kijiti au shina la ua, halafu laza lenzi juu ya mkono huohuo, hapo kitu na kamera vinatikisika pamoja badala ya kila kimoja kivyake, kisha yumba mbele kidogokidogo ukipiga mfululizo, picha 10 au 15, moja itakuwa imekaa kwenye jicho. Wadudu wafuate asubuhi mapema kabla hawajapata joto, wanakuwa wazito na wanakuvumilia.

Mwanga ni shughuli nyingine. Kwenye ukubwa halisi unabaki na robo tu ya mwanga, na lenzi yenyewe iko karibu mpaka inakitia kitu kivuli. Flashi ndo suluhisho, iweke manjuali, nguvu 1/8 au 1/4, shata 1/160, ISO 200, na mbele yake weka karatasi nyeupe au kipande cha dumu jeupe la plastiki, likunje lije hadi juu ya mdomo wa lenzi. Bila kulainisha hivyo mgongo wa mbawakawa unatoka na doa jeupe moja limeungua na rangi yote imepotea. Mlipuko wa flashi ni mfupi kiasi kwamba na kutetemeka kwako kunagandishwa.

Kile kioo cha nyuma sasa ndo kiko mbele hakina kinga, kwa hiyo chukua kifuniko cha nyuma cha lenzi, kitoboe katikati tundu kubwa, usafishe unga wote wa plastiki, kisha ukifunge pale kama kofia.

Ukitaka zaidi ya hapo, unganisha mbili. Weka 200mm kwenye kamera kawaida, mbele yake funga 50mm iliyogeuzwa kwa ringi yenye thredi pande zote mbili. Ukuzaji ni ya nyuma gawanya kwa ya mbele, hapa 200 kwa 50 ni mara 4. Ya mbele iache wazi kabisa, apecha uiendeshe kwenye ile ya nyuma. Kona zikiwa na giza kama unachungulia kwenye bomba, basi lenzi ya nyuma ni fupi mno, kama ni ya zumu isogeze mbele hadi giza lipotee.